Maboksi ya Verlene

Verlene Stubbs alifunga maboksi kiwandani kwetu, kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Tulisaga karanga tukachanganya na maziwa na sukari, tukajaza pakiti ndogondogo za kuwaokoa watoto waliodhoofu kwa njaa ng'ambo. Serikali ilinunua zote. Lori likijaa, Verlene alimpigia dereva kelele: "Kanyaga mafuta, baba, kuna mtoto anasubiri!"

Mshahara wenyewe haukumfikisha mbali. Kadi ya serikali ya kununulia chakula, msaada kwa wenye kipato kidogo, ndiyo iliyomwekea kuku na unga wa mahindi jikoni.

Halafu wakubwa wa Washington wakaamua njaa ya ng'ambo haiwahusu. Maboksi yakarundikana ghalani. Kazi ikapungua, na kwa sheria mpya, asiyetimiza saa za kazi hapewi kadi. Ya Verlene ikakatwa. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira hadi leo: waliomkosesha kazi ndio hao hao waliomwita mvivu.

Akaanza kukonda. Msimamizi wetu, Curtis, akamwambia, "Dada Verlene, beba boksi moja. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Hicho ni chakula cha watoto."

"Watoto gani? Hakiendi popote!"

"Kitaenda. Na wewe acha kunitia majaribuni, mama yako alikulea kanisani."

Nilimpelekea mboga na mkate. Alikula kidogo, akisema ameshiba, nami nilijua anadanganya.

Mwezi wa Agosti Curtis akampigia simu. Kazi ipo, saa za kutosha kurudisha kadi. Verlene alikuja amepaka rangi ya midomo.

"Si nilikuambia?" akamtania. "Haya, lori linaenda wapi?"

Curtis hakumtazama. "Jalalani, Dada Verlene. Maboksi yamepita tarehe ya kutumika. Tunakwenda kuyafukia."

Verlene akavaa glavu, kwa sababu alikuwa na njaa. Tulipakia na kufukia mpaka ghala likabaki tupu.

Kadi iliporudi, alinunua kuku akanialika. Tulishikana mikono mezani, akaanza kuomba, "Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki..." Akafumbua macho kabla ya amina.

"Cha watoto nimekifukia kwa mikono yangu, mwenzangu," akasema, "ndipo nikapewa hiki."

Nilimkatia paja la kuku nikamwekea sahanini. Alikula lote huku akilia, akaomba jingine.