Aidini Ni Nani?

Leo somo la kemia limemliza nyanya yangu.

Nilikuwa barazani kwetu Msambweni, nikimsomesha binti yangu.

"Iodini ni elementi. Dawa yake hupakwa vidondani. Wazee huiita aidini."

Nyanya akaacha kukuna nazi. "Nani anamtaja babu yenu?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akatusimulia: miaka ya hamsini, akiwa kigoli, alikanyaga gamba la chaza. Dresa mmoja kijana, mfunga vidonda, akampaka dawa kwenye zahanati. Ikamchoma!

"Kwani jina nani?" akamfokea.

Kijana alidhani ameulizwa jina la dawa. "Aidini."

Baadaye posa ikaletwa. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, Salimu amekuposa."

Nyanya akalia. "Simtaki Salimu! Namtaka Aidini!"

(Jamani!)

Shangazi yake akamvuta dirishani amchungulie huyo Salimu. Alikuwa ni yule yule dresa.

Akamwita Aidini mpaka tulipomzika babu. Tangu hapo hakulitamka tena jina hilo.

Leo machozi yalimtoka. Binti yangu akafunga kitabu, akamsogelea. "Nyanya, Aidini alikuwaje?"

Wanazungumza hadi sasa. Mtihani ni kesho.

Nyinyi mngemrudisha kitabuni?