Neno la Aibu Nililomficha Dokta

Siku ya kwanza kazini, hospitali ya Kasongo, Muganga Mkuu alinipa ufagio. Siku ya pili akanisikia nikijibu Kifaransa, kile nilichookota jikoni kwa masista, akasema: «Mama, weka ufagio chini. Utakuwa mdomo wangu.» Hivyo nikawa mkalimani, mimi niliyeacha shule darasa la tatu.

Baadaye nilihamishiwa Kabambare kwa Dokta wa akili, mtu wa mbali, Kiswahili hajui. Tribinali, yaani mahakama, ilimletea waliokamatwa kwa mambo ya aibu. Kazi yake ilikuwa kupima: huyu ana ugonjwa wa tamaa, yaani tamaa potovu inayomshika miaka na miaka hata asipotaka, au alifanya ubaya tu? Jibu lile ndilo lililochagua matibabu.

Wakaleta mwenye duka mmoja aliyejivua nguo mbele ya wanawake mtoni. Dokta akauliza: ilianza lini? Mtu akanijibu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, uso chini: tangu ujana. Anaapa kuacha, kesho yake anajikuta mtoni tena. Akataja na mengine. Alikuwa na umri wa mwanangu. Mama hatamki maneno yale mbele ya wanaume. Nikasema: «Anasema ni pombe.»

Dokta akaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: hana ugonjwa, aache pombe. Basi. Akimaliza kifungo, aende zake bila dawa wala mazungumzo.

Kesho yake mkewe, aliyesikia jibu la Dokta, akanifuata kisimani. «Mama, pombe gani? Bwana yangu iko mutu wa muskiti, hajaonja hata siku moja. Akitoka hivi atarudilia. Mimi na aibu hii nitahamia wapi?»

Nikarudi kwa Dokta, nikasema yote. Hakupiga kelele. «Mama, wewe ukiona haya, mimi natibu mtu mwingine.»

Akamwita tena. Safari hii nilitazama ukuta, nikatamka neno kwa neno. Fishi ikabadilika: ugonjwa upo. Vidonge, mazungumzo kila juma, na mke aelezwe, mgonjwa mwenyewe akikubali. Ndugu zake wakaja mbio: «Kumbe iko mugonjwa! Mumufungue!»

Dokta akakataa. «Ugonjwa unanionyesha namna ya kumtibu. Kosa ni lake.» Mwenye duka alimaliza kifungo chote.

Sasa nimestaafu. Habari zake za mtoni sikuzisikia tena. Ni dawa au ni kitu kingine, Dokta mwenyewe hakuniapia. Juzi binti aliyeshika kazi yangu alikuja, ananiita Nkambo kama wajukuu wangu.

«Nkambo, nikiona haya nifanye nini?»

«Ona haya,» nikamwambia. «Lakini sema.»