Kabati Lililopigwa Msasa

Mama mkwe wangu alipotuma salamu kutoka Nyasura, kule Bunda, kwamba Jumamosi atakuja na gari kuchukua kabati la marehemu binti yake, kitu cha kwanza nilichohisi ni aibu. Huzuni ilikuwa imeshahamia nyumbani kwangu hapa Nyasho, haikuhitaji taarifa. Lakini lile kabati lilikuwa limechakaa vibaya, na nilishaanza kumsikia mama wa watu akisema moyoni: kumbe ndivyo mwanangu alivyotunzwa. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyeagiza, katika wiki zake za mwisho, kwamba liende kwa mama yake. Ilikuwa lazima lifike, na lifike likiwa na heshima.

Lilikuwa kabati la maranda, zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, likapakwa rangi ya maziwa. Siku alipolileta nililicheka. Mimi ni mtu wa Butiama, nimekulia katika nyumba ambamo kiti kimoja kinawazika wenye nacho wawili watatu. Nikamwambia mtu akipiga chafya karibu yake litaanguka.

"Basi usilipigie chafya," alinijibu, akaendelea kupanga kanga zake.

Msibani watu walifanya kama kawaida. Vyombo vyote vilitolewa nje ili waombolezaji wapate pa kukaa, na kabati likashinda uani siku tatu chini ya turubai, mvua ikilipiga ubavuni. Liliporudi ndani lilikuwa limevimba miguuni na rangi inabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nami nikaongeza yangu. Nilichukua kitambaa, maji na sabuni, nikalisugua kama ambavyo ningesugua kiti cha mninga. Kesho yake pembe moja ilikuwa imefura na kumeguka.

Jirani yangu, fundi seremala, alipoliona alishika kiuno. "Mzee, hii siyo mbao, hii ni ugali. Maji usiguse tena. Liache likauke, upige msasa mkavu, uchanganye unga wa mbao na gundi ujaze mashimo. Gundi ikishika, msasa tena, ndiyo upake rangi ya mafuta."

Nilifanya hivyo hivyo. Sina subira, mke wangu aliisema tabia hiyo mpaka akachoka, lakini wiki ile nilikuwa nayo. Nilisugua kabati zima, siyo pale palipobanduka tu. Mbele, kwenye milango na karibu na miguu, kulikuwa na vidoa vidogo vigumu, vyeupe vyenye wekundu kwa mbali. Niliviona uchafu, nikavikandamizia msasa mpaka vikaisha. Vilikuwa vingi, na nilijisifu.

Nilipovuta droo kutafuta kitambaa kikavu nikakuta kichupa cha rangi ya kucha kimebaki tone. Nilikifahamu. Kuna mwaka nilikiona mkobani mwake, nikamuuliza kwa ukali anampakia nani, maana kucha zake sikuwahi kuziona zina rangi. Alicheka, akasema ni ya kazi. Nilinuna siku mbili. Sasa nikakifungua, nikatazama ile rangi kwenye brashi, nikatazama unga uliojaa magotini pangu. Kila kabati lilipochubuka alilitibu kwa ile brashi ndogo, kimya kimya, nisipate neno la kulichekea. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Kisha nikafagia, nikajaza mashimo, nikapaka rangi mara mbili. Nilijiambia kizuri ni kizuri, mama atafurahi.

Jumamosi alifika na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, kwa hiyo nilisimama kibarazani, dirisha likiwa wazi mgongoni kwangu. Ndivyo ilivyokuwa hata alipokuja kumuuguza mwanawe. Wao walilala chumbani, mimi sebuleni, na usiku niliwasikia wakicheka nisijue wanacheka nini.

"Limekuwa jipya kabisa," shemeji alisema ndani.

Nilisikia kiganja cha mama kikipita juu ya mlango, taratibu, kikirudi.

"Za kwake ziko wapi?"

"Zipi, mama?"

"Alama zake. Hapa chini palikuwaga na ya pikipiki ya mume wake. Hapa ya sufuria. Hii alipakaga siku wamegombana. Tulikuwaga tunalala hapa ananionyesha moja moja, tunacheka mpaka kifua kinamuuma."

Shemeji alitoka mlangoni kunifikishia maneno ambayo nilikuwa nimeshayasikia. "Shemeji, mama anauliza alama."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningeweza kusema ni mvua, na mvua isingebisha.

"Mwambie nilizisugua mimi."

Alirudi ndani, akatoka tena. "Anauliza, zote?"

"Zote."

Nilitamani anitukane. Nilitamani mila ile ivunjike siku moja tu, niingie nipige magoti mbele yake. Nilibaki nimesimama nikitazama dereva akikunjua kamba za kufungia mzigo.

"Mwambie akae nalo," mama mkwe alisema. "Nilikuwa nimekuja kuchukua la mwanangu."

Walikunywa maji, wakaaga kwa heshima, gari likarudi Bunda tupu. Kabati liko chumbani, jeupe, halina hata mkwaruzo, na kila anayeliona ananisifu kwa kazi nzuri.