Yule Shangazi wa Pembeni ya Picha

Jumamosi ile, mwanangu, naiona bado kana kwamba naitazama. Theluji ilikuwa haijaanza, majani makavu yamejaa barazani, na Mama Rosemary ananiita kwa kugonga sakafu kwa mkongojo wake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba yake, Takoma Park, karibu na kituo cha treni. Nilikuwa kijana, sijaoa, nafanya kazi ya ofisini mjini Washington, nina kiburi cha mtu aliyefika Marekani juzi akadhani keshaielewa. Nikisikia mkongojo, najua juu kuna kitu cha kubebwa.

Najua utanijibu kwa Kiingereza. Jibu upendavyo, ila nisikilize kwa Kiswahili, maana methali nitakazokupa hazisafiri vizuri.

Rosemary Tierney alikuwa mwalimu mstaafu. Hakuolewa, hakuzaa. Siku ya kwanza nilipomwita Mama alikataa, akasema yeye si mama wa mtu. Nikamweleza kwamba kwetu Mpwapwa mwanamke wa umri wake haitwi kwa jina kavu. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya, niite hivyo, lakini takataka bado ni zamu yako kuzitoa." Macho yake yalikuwa yanafifia na moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, kwa hiyo mwisho wa juma nilikuwa namwendesha kwa gari lake, kanisani na sokoni. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mmoja tu, mdogo wake wa kiume, Gerald, wakili mstaafu aliyeishi Falls Church, ng'ambo ya mto, Virginia.

Nilipopanda juu nilimkuta Gerald mezani na maboksi ya picha za zamani. Alikuwa anaandika kitabu cha ukoo wao. Wahenga wao walitoka Ayalandi, maskini, wakavuka bahari wakaja kutafuta maisha hapa, na kiangazi kilichofuata ukoo mzima ungekusanyika, na kitabu kingegawiwa siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeambiwa tangu utoto kwamba Wazungu hawana ukoo, wana anwani tu. Kumbe! Wazee wale wawili waligombania pua ya mtu aliyekufa kabla hawajazaliwa, ni ya akina nani.

Picha moja ilikuwa na familia nzima mbele ya nyumba ya matofali. Katikati ameketi Patrick na mkewe Bridget, ndio walioanzisha ukoo wao Marekani. Watoto wamewazunguka, akiwamo Martin, mvulana mdogo, ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuwa babu yao Rosemary na Gerald. Pembeni kabisa amesimama mwanamke mwembamba, mkono wake uko begani kwa Martin. Nyuma ya picha majina ya wote yameandikwa kwa penseli, la kwake halipo.

"Na huyu?" nikauliza.

"Shangazi Nora," Gerald akasema, bila kuinua macho. "Dada yake Patrick. Alikuwa mtumishi katika nyumba za matajiri. Hakuolewa. Hana habari nyingi."

Nilimwona Mama Rosemary akiivuta ile picha karibu na macho yake.

Sasa, Gerald alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo. Alikuwa amewapata, kwa barua pepe, watu wa ukoo wa Patrick na wa Bridget waliobaki Ayalandi, na wote walikuwa wamepima DNA. Akapima yeye, akampimisha na dada yake. Majibu yalipokuja, damu yao ilikutana na watu wa upande wa Patrick vizuri, lakini kwa watu wa Bridget haikukutana hata kidogo. Gerald akasema maabara imekosea. Akapima tena mahali pengine, jibu likawa lile lile. Akaanza kupekua kumbukumbu za serikali na za makanisa, akipiga picha kurasa za zamani, akikesha kwenye kompyuta. Alichopata ni kwamba mwaka aliozaliwa Martin, Nora alikuwa hana kazi, anakaa kwa kaka yake. Hiyo peke yake haikuthibitisha kitu.

Mama Rosemary ndiye aliyesema, "Tumwulize Peg."

Peg alikuwa mjukuu wa Bridget kwa binti, binamu wa baba yao. Alikuwa amepita miaka tisini na akili yake bado inakata, anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee huko huko Falls Church. Gerald alikuwa akipita mbele ya nyumba hiyo kila aendapo dukani, na hakumbuki mara ya mwisho aliingia lini. Penye wazee hapaharibiki neno, mwanangu, lakini lazima ufike penyewe.

Gerald alikataa kwenda. Alisema kizee kitawachanganya. Nikampeleka Mama Rosemary mimi, na kwa kuwa alihitaji mtu wa kumshika mkono, niliingia naye ndani.

Peg aliitazama picha kwa muda mfupi sana. "Nora," akasema. "Nilikuwa msichana alipofariki. Alikuwa akija Jumapili alasiri, siku yake ya mapumziko. Mjomba Martin alikuwa mtu mzima, ana watoto, ana upara, na yule bibi kizee alikuwa akimkatia nyama kwenye sahani yake. Naye mjomba alikuwa anamwacha akate."

"Na kwenye mazishi?" Mama Rosemary akauliza. Sijui kwa nini aliuliza hivyo. Nadhani alikuwa ameshajua.

"Mjomba alilia mpaka watu wakamshika. Nikamwuliza mama yangu, mbona analia hivi kwa shangazi? Mama akaniminya mkono, akasema, 'Si shangazi yake. Nyamaza.' Akaniapisha nisiseme maadamu Martin yu hai. Nikanyamaza." Peg akarudisha picha. "Martin akafa. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuniuliza."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nora alizaa bila mume, na wifi yake Bridget akamchukua mtoto akamlea pamoja na wake.

Tukarudi kwa barabara ya Beltway, magari yamebanana, Mama Rosemary ameishika picha mapajani. Mimi nikaona nimfariji kwa hekima ya kwetu. Nikasema, "Mama, aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Kwetu mambo haya hufunikwa. Achana nayo, Mzee Gerald aandike kitabu chake."

Akanigeukia. "Aibu ya nani, Zakaria?"

Nikakaza macho barabarani.

"Nakuuliza wewe. Msichana wa kazi, mji wa ugenini, amezaa peke yake. Miaka yote hiyo anakuja kumtazama mwanawe akimwita mwingine mama, anarudi kufua nguo za watu. Nionyeshe aibu iko wapi." Kisha akasema, kwa sauti ya darasani, "Mama yake bibi yako aliitwa nani?"

Nikaanza kumhesabia babu zangu, baba wa baba wa baba, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nawajua vizuri, nikajivuna hata pale kwenye foleni.

"Sikukuuliza wanaume," akasema.

Nikajaribu wanawake, nikaishia kwa bibi.

Mama Rosemary alipompigia Gerald kumweleza, nilisikia sauti ya mzee yule ikitoka kwenye simu mpaka jikoni. Lakini usimhukumu haraka. Baba yao aliwalea kwa hadithi za Bridget: jinsi alivyomkesha Martin akiugua, jinsi alivyouza shali yake ya arusi amnunulie viatu. "Bridget ndiye aliyemlea babu," Gerald alisema, "na wewe unamfukuza nyumbani kwake." Dada akamjibu kwamba hamfukuzi, anaongeza mtu. Gerald akasema kitabu kimekwisha andikwa. Wakakata simu, na kwa wiki nyingi za baridi ile hawakusemezana.

Mwanangu, kwetu tunasema kitanda hakizai haramu. Tunasema pia kuzaa si kazi, kazi kulea. Methali zote mbili ni za kweli, na ndugu wawili wanaweza kugombana kila mmoja ameshika yake. Nilimwona Mama Rosemary akipungua. Aliacha kwenda kanisani. Vidonge vyake vya moyo nilikuwa namkumbusha mimi, na simu ilipolia aliitazama kwanza, kisha akaiacha ilie. Nilitamani kumpigia Gerald nimwambie, lakini mpangaji haingii kati ya watu waliozaliwa tumbo moja. Nilikuwa naomba tu asije akaondoka dunia hii kabla hawajapatana.

Jumapili moja mchana nilikuwa nje nasukuma theluji njiani, gari la Gerald likasimama. Alishuka polepole. "Dada yangu yupo?"

"Yupo, Mzee Gerald."

Nikamfungulia mlango. Mama Rosemary alikuwa kitini kwake. Akamtazama mdogo wake toka juu mpaka chini, akasema, "Vua viatu. Umeleta theluji."

Akavua. Akaketi na soksi zake zilizolowa. Ndipo akaeleza kwamba amekuwa akienda kwa Peg, peke yake, zaidi ya mara moja. Alikwenda ili apate neno la kumshinda dada yake. Alichopata ni habari ya arusi ya Martin, ambayo Peg alisimuliwa na mama yake. Nora alikuja akaketi nyuma kabisa kanisani, pamoja na watumishi wenzake. Bridget akainuka mbele, akatembea mpaka nyuma mbele ya watu wote, akamshika Nora mkono, akamleta akamketisha pale anapoketi mama wa bwana arusi. Yeye mwenyewe akaketi kando yake.

"Kwa hiyo Bridget alishafanya," Gerald akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namkatalia Bridget." Akapangusa miwani. "Niambie jina lake liandikwe vipi. Nora, au kwa kirefu, Honora?"

Wakabishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Sijawahi kufurahia ugomvi wa watu namna ile.

Peg alifariki kabla ya kiangazi, kwa hiyo hakuuona mkutano. Katika kitabu, juu ya jina la Martin, wameandikwa mama wawili. Wapo waliokasirika. Binamu mmoja alikirudisha kitabu mezani akaenda zake. Baba yake Martin hajulikani hadi leo. Kipimo hakikumwonyesha, na Peg hakuwahi kuambiwa. Gerald aliacha nafasi tupu, hakubuni mtu. Mama Rosemary aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na mdogo wake ndiye aliyemfumba macho.

Na mimi? Wiki ile ile ya Beltway nilimpigia baba yangu Mpwapwa, nikamwuliza mama yake bibi aliitwa nani. Akacheka. "Una nini wewe? Umeota?" Nikamwambia nataka tu kujua. Akamwita shangazi yangu, wakashauriana pembeni, wakabishana, halafu shangazi akashika simu. Alisema aliitwa Mbeleje, na alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Shangazi yule sasa naye hayupo.

Basi nasaha yangu ni hii. Simu yako imejaa picha, mwanangu, na hakuna hata moja yenye majina. Ziandike. Waulize wazee wako wangali wanaweza kujibu, na usiwaulize wanaume peke yao. Muulize pia yule asiyetajwa, yule anayesimama pembeni. Ukipata usilolitarajia, usilizike na usilitangaze kwa kejeli. Mheshimu aliyezaa, mheshimu aliyelea, na palipo na usichokijua, kiri hivyo. Damu itakuambia ni nani, haitakuambia kwa nini. Hilo la pili utaambiwa na mtu, ukimwendea, ukakaa, ukamsikiliza. Na ukigombana na nduguyo kwa sababu ya marehemu, kumbuka marehemu wameshapatana zamani.

Mungu akupe masikio ya kusikia na miguu ya kuwaendea wakubwa wako. Akupe watoto watakaokuuliza, na akupe umri wa kuwajibu. Nenda kwa amani, mwanangu.