Nilivyompeleleza shemeji Stockholm kwa ujuzi wa sinema za kofia na mvua

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini mkijifanya mko bize, na nyie mliolala mkijifanya mnaumwa.

Hiki ninachosimulia ni kweli tupu. Shahidi yupo hai, ni dada yangu wa damu, na akiusoma uzi huu atasema nimejipendelea. Majina tu nimebadilisha, maana sikukuu bado nakula kwake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, wengi wenu mlikuwa hata hamjajadiliwa. Mahali ni Norsborg, mwisho kabisa wa treni nyekundu ya Stockholm. Nilifikia kwa dada Mwanaidi na mumewe, shemeji Bakari. Niliomba hifadhi ya wiki mbili nitafute chumba.

Baridi mbili zikapita.

Msinihukumu. Chumba nilikitafuta. Ila nilikitafutia kwenye kochi.

Mimi ni mtu wa ndani, nakiri. Form four yangu nilimaliza, nikaja huku kwa kozi, kozi ikaisha, nikapata kibarua cha kuosha vyombo jikoni kwenye shule moja. Watoto wakishakula nimemaliza. Mchana mweupe nipo kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni. Wenzangu walijua majina ya vituo vya treni. Mimi nilijua ratiba ya TV.

Na TV yenyewe chaneli mbili, ya nyeusi na nyeupe. Lakini ilikuwa na tabia moja nzuri: kuonyesha zile sinema za zamani za Marekani, za wapelelezi na mauaji. Film noir, kwa mliosoma. Sisi nyumbani tuliziita sinema za kofia.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, ngoja nikupe picha.

Kuna mwanaume. Ana koti refu na kofia, na hiyo kofia haivui hata akipigwa rungu la kisogo. Anavuta sigara kama analipwa kwa moshi. Nje mvua, kila siku mvua, mji mzima hakuna aliyewahi kuanika nguo. Amekaa ofisini gizani, taa ya barabarani inapenya kwenye yale mapazia ya vipande vipande, ya kuvuta kwa kamba, inamchora mistari usoni kama pundamilia mwenye stresi.

Mlango unafunguliwa. Anaingia mwanamke mrembo, nywele zimefunika jicho moja. Nimeziangalia sana sinema hizo na mpaka leo sijui jicho la pili lilikuwa na tatizo gani.

Mwanamke analia kidogo. Anasema mume wangu kapotea, nisaidie. Jamaa anaingia kazini, anapigwa, anapigwa tena, na mwisho inagundulika aliyemuingiza mjini ni yuleyule mwanamke.

Waigizaji wake nao walikuwa watu! Kulikuwa na mmoja wa kuongea kwa pua, mfupi, mdomo haufunguki, lakini wanawake wote wanamtaka. Nikajipa matumaini. Mwingine macho ya usingizi toka mwanzo hadi mwisho, na anaitwa staa. Mimi nikiwa na macho yale kazini naitwa mvivu.

Kitu kilichokuwa kinanishangaza zaidi: hakuna mwenye ndugu. Hakuna shangazi. Hakuna anayesalimiwa. Mtu anauawa na hakuna hata sufuria moja la msiba. Nikawa namwambia shemeji, "Wangekuwa na shangazi mmoja tu hawa, sinema ingeisha dakika ya kumi. Angewaita wote kikao."

Shemeji anajibu, "Shemeji, nisogezee miguu nikae."

Dada huwa yuko nyuma yetu mezani, anachambua mchele. Mimi nahubiri. "Kanuni ni moja, dada. Anayekuja kulia ofisini ndiye muongo. Mteja! Mshike mteja, kesi imeisha."

Kumbukeni hayo maneno. Mimi sikuyakumbuka.

Basi alasiri moja nipo kwenye nafasi yangu, dada akaja akakaa pembeni ya kochi. Kajifunika khanga hadi kichwani, jicho moja tu linaonekana.

"Mdogo wangu, wewe haya mambo unayajua."

"Mambo gani?"

"Shemeji yako. Kila Jumapili anatoka na lile begi la bluu limejaa. Anarudi nalo tupu. Nikimuuliza anasema kaenda kunyoosha miguu. Miguu gani inanyooshwa na begi?"

Nikakaa wima. Kwa mwezi ule, hilo lilikuwa zoezi.

"Nikijua ni mwanamke," akasema, "nachukua mwanangu narudi Tanga. Wallahi sibaki."

Wakuu, niliumia. Bakari ni mtu mwema, anafanya usafi kiwanja cha ndege, anaamka kunguru wamelala, anapanda treni hadi Märsta halafu basi. Halafu nikapiga hesabu ya pili. Dada akirudi Tanga, Bakari hawezi kukaa peke yake kwenye nyumba ile. Itarudishwa kwa wenyewe. Kochi linaondoka. TV inaondoka.

Nikasema kwa pua, mdomo nimeubana, "Niachie mimi."

Dada akainamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Nikajua analia.

Siku hizohizo nilikuwa na kesi yangu binafsi. Nguo zangu zilikuwa zinapotea. Sweta la kijivu, limekwenda. Suruali ya kitambaa, imekwenda. Nikajua ni kule chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima, ambacho kila familia inajiandikia zamu yake. Nikabandika karatasi mlangoni kwa Kiswidi changu cha kuombea chumvi: MWIZI NAKUJUA.

Kesho yake nikakuta soksi moja imeanikwa chini ya karatasi, na ujumbe wa heshima kabisa: "Hii ni yako?" Haikuwa yangu. Nikaichukua kama ushahidi.

Turudi kwa shemeji. Nikaenda soko la mitumba nikapata koti refu la rangi ya udongo, mkanda kiunoni, kama lile lile la kwenye sinema. Kofia nikaazima. Nilivyofika nyumbani mpwa wangu Zuhura, ambaye alikuwa kaanza shule na anajibu kila kitu kwa Kiswidi, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mamma, morbror har tantkappa."

Yaani mjomba kavaa koti la shangazi. Vifungo vilikuwa upande wa kike. Nikamwambia wapelelezi hawaangalii vifungo.

Jumapili ya kwanza. Shemeji katoka na begi, nikamfuata kwa mbali, kola juu. Treni nyekundu, mabehewa mawili nyuma yake. Kituo cha Slussen akashuka kubadili aende treni ya kijani. Nikashuka. Nikajibanza nyuma ya nguzo kama yule wa macho ya usingizi.

"Eeeh! Papa! Jambo sana!"

Papa Kabongo, Mkongo tunayefahamiana, sauti kama tarumbeta.

"Jambo," nikanong'ona.

"Iko namna gani? Dada iko? Mutoto? Kazi? Na wewe unaenda wapi na ile chapeau? Kuko mariage?"

Yaani kofia ile, kuna harusi? Sasa ndugu zangu, ungefanyaje? Mtu kakuulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, unaweza kumwambia nyamaza niko kwenye kesi? Nami ilibidi nimuulizie mkewe, wanawe na mgongo wake. Nilipomaliza na mgongo, treni ya kijani ilishaondoka na suspect wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini zile sinema hazina salamu. Salamu zikiingia, muuaji anafika nyumbani anaoga analala.

Jumapili ya pili nikavuka nguzo zote nikiangalia chini kama nimedondosha funguo. Nikafika naye hadi Farsta. Katembea, kaingia mtaa wa nyuma ya maduka, kagonga nyumba ya chini. Mimi niko nyuma ya mti usio na jani hata moja, yaani ni mimi niliyekuwa naficha mti.

Mlango ukafunguliwa.

Mwanamke.

Kacheka, kapokea begi, kamuingiza ndani. Kichwani naona kochi linapandishwa gari la mizigo.

Nikarudi kumpa dada ripoti. Nilitaka kumficha, lakini mteja ana haki. "Dada, jikaze. Kuna mwanamke. Mnene kiasi. Anamfahamu."

Dada akajifunika khanga uso mzima. Mabega hayo! Akakimbilia chooni akafungulia maji. Nikamsikia anavyolia kwa kwikwi humo ndani nikasema moyoni, Bakari, utalipia machozi haya.

Zuhura akaja akaketi kwenye ncha ya kochi, akamuuliza mama yake kupitia mlango, "Mamma, får jag soffan sen?" Anauliza kama baadaye kochi litakuwa lake. Nikamhurumia. Mtoto keshahisi nyumba inavunjika, anaanza kugawa mirathi.

Mnaona jinsi mpelelezi anavyofanya kazi? Kila kitu kipo mbele yangu, mimi naona kinyume.

Jumapili ya tatu dada kaondoka asubuhi na mtoto, eti wanamtembelea rafiki. Nikajua hawezi kuvumilia kuwepo. Shemeji naye akaniaga vizuri kabisa.

"Shemeji, natoka kidogo. Nje baridi, usisahau kofia."

Hata hilo halikunishtua.

Farsta nilifika bila kusoma ubao hata mmoja. Safari hii sikukaa nyuma ya mti. Shemeji alipogonga, nikatoka, mikono kwenye mifuko ya koti la shangazi, nikasimama katikati ya njia.

"Bakari. Mchezo umekwisha."

Shemeji kageuka taratibu. "Ah, umefika. Leo umewahi kuliko mimi nilivyotegemea. Papa Kabongo hukukutana naye?"

"Usibadilishe mada. Nani huyu mwanamke?"

Mwanamke mwenyewe alikuwa keshafungua. Mama wa makamo, Mganda, gauni la kanisani, miwani shingoni.

"Mimi ndiyo Mama Nakato, mwenye nyumba," akasema. "Wewe ndiyo ule wa mti? Juzi nilitaka kukuletea chai, huyu akakataza. Ingia, baridi inaingia. Toa viatu."

Nikavua viatu. Mpelelezi gani anavua viatu? Lakini ni Mama wa watu kasema.

"Begi," nikamwambia shemeji. "Lifungue."

"Fungua mwenyewe."

Nikavuta zipu.

Ndani kulikuwa na kandambili zangu. Redio yangu ndogo. Na mto wangu, niliolalia asubuhi ileile, bado una alama ya shavu.

Mama Nakato akafungua mlango wa chumba cha pembeni. Kitanda kimetandikwa. Kwenye kiti, sweta langu la kijivu, limefuliwa na kukunjwa. Suruali ya kitambaa, imepigwa pasi. Na juu ya kijimeza, ile TV yetu ya nyeusi na nyeupe, ambayo asubuhi niliambiwa imepelekwa kwa fundi.

Dada akatokea jikoni na sinia la pilau. Hakuna hata dalili ya chozi.

"Mteja ndiye muongo," akasema. "Si wewe uliyenifundisha?"

Nikakaa kitandani na koti langu.

"Dada, ungeniambia tu."

"Nilikwambia! Nilikwambia kuna mama Farsta ana chumba na wanawe wamehama, ukaniambia subiri sinema iishe. Ikaisha, ukalala. Nifanyeje? Nikutoe? Mama akisikia Tanga nimemfukuza mwanawe kwenye theluji, radhi yote ya kwangu imekwenda na maji."

"Na mimi shemeji yako," Bakari akaongeza, "nimtoe kaka wa mke wangu kwa mdomo upi? Nikaona bora nikutoe kidogo kidogo. Soksi kwanza."

"Halafu bila kesi usingenyanyuka," dada akasema. "Mara ngapi nimekuomba uje tukuonyeshe njia? Sasa treni umeijua. Jumapili kuja kula hutapotea."

Nikauliza kwa unyonge, "Na TV? Nyie mtaangalia nini?"

Wakatazamana. Walishanunua ya rangi.

"Wewe rangi za nini, kaka?" dada akasema. "Watu wako wote ni weusi na weupe."

Tukala pilau. Zuhura akawa anamhadithia Mama Nakato kwa Kiswidi jinsi kochi litakavyokaa upande wa dirishani. Nilitaka kununa ila wali ulikuwa mzuri, na kununa mdomo umejaa ni kazi.

Walipoondoka nikabaki peke yangu. Jioni ya huko inaingia mapema, na maduka ya nje yakawasha taa zao. Nikainua uso.

Ukutani, juu ya kitanda, kwenye sweta langu, kwenye kofia niliyoiweka gotini: mistari. Mistari mitupu ya mwanga na giza.

Dirishani yalikuwa yale mapazia ya vipande. Ya kuvuta kwa kamba.

Kwa Mama Nakato vyumba vya kupangisha vilikuwa viwili, kingine kikubwa zaidi, kina pazia la maua. Nilimuuliza baadaye kwa nini dada hakuchukua kile.

"Alikataa," akaniambia. "Alishika ile kamba, akavuta, akasema hiki hiki, huyu mtu wangu atakaa."

Kumbe siku zote zile alizokuwa anachambua mchele nyuma yetu, alikuwa anaangalia.

Funzo, wakuu: ukiona ndugu zako wanakuletea kesi ya kuvunjika kwa nyumba, kwanza angalia kama nguo zako zipo zote. Na kama mtu wako ameshindwa kukwambia hama, ila kakutafutia chumba chenye mwanga unaoupenda, hajakufukuza huyo.

Ile soksi moja ninayo bado. Mwenyewe ajitokeze.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kuhamishwa mkidhani mnafanya kazi ya maana, semeni hapa chini tuchekane. Na mlioko kwenye kochi la dada wa watu muda huu mkisoma, nyie msicomment. Nyanyukeni mkaangalie masweta.