Bisibisi Sikioni

Mimi ni fundi magari wa Ilomba, na leo naungama. Zamani magari ya mashindano yakija Mbeya, tuliyasikia kabla hatujaliona vumbi. Marehemu mwalimu wangu alinifundisha kugusisha bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nisikie ugonjwa ulipo. Nayakumbuka mpaka leo yale mangurumo.

Juzi nilialikwa mji wa Igowole, kama fundi mkongwe, kwenye mashindano ya magari ya umeme. Gari la kwanza lilikuwa mstarini, kimya. Nikaweka bisibisi, nikasikiliza. Kimya.

"Limezima," nikasema, kama natangaza msiba. "Vijana, tusukume."

Tukasukuma mpaka jasho likatutoka. Dereva, binti wa Kihehe, akachungulia dirishani.

"Shikamoo fundi. Limewaka tangu hujafika. Nimekanyaga breki, nisije nikakuangusha."