Buti la Dada Kwenye Nguzo

Dada yangu alishazikwa, kaburi lake limeshaota majani, ndipo nikakuta buti lake la mpira likining'inia baharini.

Likiwa na watoto.

Subirini. Msinicheke kabla hamjasikia.

Mimi na dada tulikuwa na kazi moja: kupanda chaza. Naam, kupanda. Zamani ufuko wetu ulikuwa na mwamba mzima wa chaza hai, wamegandamana mmoja juu ya mwenzake. Watu wakaupiga mitaimbo, wakala, wakauza, mpaka likabaki tope tupu.

Mawimbi yakaanza kula ufuko. Samaki wadogo wakakosa pa kujificha. Maji ambayo chaza walikuwa wakiyachuja yakawa na rangi ya chai.

Dada alisema mwamba utarudi.

Alizunguka majiko ya hoteli akiomba maganda. Aliyaanika uani kwetu, akayageuza kila siku mpaka jua liue ugonjwa wote. Kisha tukayajaza kwenye mifuko ya nyavu na kuyashusha majini, ili watoto wa chaza wanaoelea wapate pa kushika.

"Mtoto wa chaza anazurura mwanzo tu," aliniambia. "Akishika, kashika. Hahami tena mpaka kufa."

Mtaani wakamwita Bi Maganda. Mimi, kwa kuwa natunga mashairi, kazi niliyojifundisha mwenyewe, wakaniita Malenga wa Matope. Majina yote mawili nimeyapigania kwa ngumi.

Mama ndiye hakuitaka kabisa kazi ile.

"Nyumba inanuka kama tumbo la samaki! Nani atakuja kukuposa humu, nzi?"

"Mmoja kaja jana, mama. Kasema atarudi na wazee."

Mama alicheka huku amekasirika. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Kisha dada akaugua. Ugonjwa wa damu, ukamkausha mbele ya macho yetu. Hospitalini, kila nikiingia, swali lilikuwa moja tu.

"Wameshika?"

"Bado, dada."

"Watashika."

Alikufa hawajashika.

Baada ya miezi, Mtaalamu, mama mmoja mpole anayesimamia mradi wetu, aliniita ofisini.

"Mfadhili amesema basi. Anaona maji haya hayana mbegu ya chaza. Kesho yakipwa, kang'oe mifuko."

Nilipanda moto. "Mifuko ile dada yangu kaifunga kwa mikono yake! Atakayeigusa kanigusa mimi!"

"Ndiyo maana nakutuma wewe," alisema. "Sitaki aiguse mtu baki."

Nikaenda nyumbani kunoa kisu.

Kesho yake niliingia topeni peke yangu. Mfuko wa kwanza ulikuwa umezama wote. Nikauvuta, maganda yakatoka meusi, yamefunikwa tope zito. Wa pili vilevile. Mafundo ya dada yalikuwa bado yamekaza. Ilinibidi niyakate kwa kisu.

Nililia kama mtoto. Sioni aibu kuandika.

Nikafika kwenye nguzo tuliyochimbia kuonyesha mwisho wa tuta letu la mifuko. Juu ya tope, limefungwa kwa waya, palikuwa na buti la dada. La kushoto. Lile lenye kiraka cha mpira wa baiskeli nilichokibandika mimi.

Nikaligeuza.

Kuanzia kwenye soli mpaka shingoni lilijaa watoto wa chaza, wadogo kama kucha za mtoto mchanga. Hai!

Kumbe mbegu ilikuwepo. Mifuko ilikuwa chini mno, tope likaizika kabla mtoto yeyote hajapata mahali safi pa kushika. Siku zote zile dada akiuliza kitandani, jibu lilikuwa likipita juu ya mifuko yake.

Nilijaza maji ya bahari kwenye ndoo, nikatumbukiza buti, nikampigia simu Mtaalamu, nikakimbia nyumbani.

Mama alipoliona alisimama ghafla.

"Nani kakwambia ulitoe?"

"Mama, kwani ulijua liko wapi?"

"Nililitundika mimi."

Mama! Ambaye hajawahi kukanyaga tope lile!

"Mabuti yake yalikuwa pale mlangoni," alisema. "Kila nikifungua nadhani karudi. Kuyatupa siwezi, kuyatazama siwezi. Nikasema, angalau moja likamngojee kazini kwake." Akagusa paja. "Niliingia mpaka hapa. Tope likala kandambili zangu."

Mtaalamu alifika akihema. Alilitazama buti, akavua miwani, akaifuta, akalitazama tena.

"Mifuko tutaiinua juu ya vichanja," alisema. "Mfadhili nitamwandikia leo leo. Lakini hawa hawataishi kwenye ndoo. Buti lazima lirudi."

Mama alilikumbatia na maji yake, gauni likalowa lote.

"Nimeshamzika mara moja," alisema. "Mnataka nimzike tena?"

Mtaalamu alikuwa akilia waziwazi.

Mwishowe mama akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Huyu mdudu, akishashika, hahami?"

"Hahami, mama."

Akaingia chumbani. Akatoka na buti la kulia.

"Yapeleke yote mawili. Asitembee mguu mmoja."

Mfadhili bado hajajibu. Hatumngojei. Vichanja tumeanza kuviunda, na mama ndiye anayegeuza maganda uani, akiwatukana nzi.

Wewe uliyefiwa, ukafungia viatu vya mtu wako kabatini: sikwambii uache kulia. Mimi mwenyewe shairi lake limenishinda, kila nikianza vina vinakatika. Nakwambia tu, angalia alichokuwa anakitafuta, ukipeleke kiatu chake huko. Na alichokijenga kikikaa pabaya, kata fundo lake ukiinue. Hutakuwa umemvunjia heshima.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye nguzo. La kulia nalo limepata watoto wake.

Wameshika, dada.